Mbio za Akina Mama, Saa Kumi Baada ya Mvua

Juzi mlinifanyia sherehe ya kuniaga pale ukumbini. Nashukuru kwa pilau. Saa ya ukutani mliyonipa nimeitundika jikoni, na inachelewa, kwa hiyo inanikumbusha chuo vizuri kabisa. Hotuba nilizisikiliza zote. Nilisikia kwamba nilikuwa mama mvumilivu, mcha Mungu, na kwamba nilikuwa na "mambo mengine ya nje" ambayo hayakuathiri kazi. Mambo ya nje. Zaidi ya miaka ishirini nimeshindana kwa pikipiki kwenye matope ya Kitale na Cheptais, nimevunja mfupa wa bega na vidole viwili, na nyinyi mnaniambia mambo ya nje, utadhani nilikuwa na hawara.

Basi nawaandikia nyinyi wadogo mliobaki, hasa wasichana mlioajiriwa juzi juzi, ambao mnanisimamisha kwenye korido na kuniuliza kwa sauti ya chini niliwezaje kushika yote mawili. Habari za mishahara siandiki, mnazijua. Habari za vyeo pia siandiki, kwa sababu vyeo vilikwenda kwa watu waliojua kukaa mkutanoni siku nzima bila kusinzia, na mimi kipaji hicho sikupewa.

Nilikuja kufundisha sayansi ya udongo katika kampasi yetu hapa nje ya mji wa Bungoma nikiwa msichana bado. Siku ya kwanza nilipokewa na Daktari Barasa, aliyekuwa mkuu wa idara, mtu wa suti ya kijivu na miwani ya kusomea aliyoivaa hata akitembea. Akanionyesha ofisi yangu. Ilikuwa stoo ya mafagio. "Ni kwa muda tu, Madam," akasema, na mafagio hayakutolewa, kwa hiyo kila asubuhi wafagiaji walibisha hodi wakiwa wamekuja kuchukua vifaa vyao nami nikiwa nasahihisha. Halafu akanipa masomo yote ya mashambani. Alieleza kwamba wanawake wana subira na udongo. Sababu yenyewe niliijua baadaye, kwamba wenzangu wa kiume hawakupenda kuchafua viatu.

Mashamba yetu ya majaribio yalikuwa mawili, moja Bokoli na lingine Matulo, yote upande wa Webuye. Kufika huko kulihitaji gari la idara. Gari lilikuwepo, zuri tu, lenye jina la idara mlangoni, isipokuwa kila ulipoliulizia liliko uliambiwa liko matanga. Mjomba wa fulani amefariki, shemeji wa fulani anasafirishwa kutoka mochari, mama mkwe wa mkuu anazikwa. Gari lile lilibeba majeneza mengi kuliko wanafunzi. Kwa kuwa matanga ni heshima, hakuna aliyethubutu kusema kitu, na mimi mgeni ndio kabisa, ningeonekana sina utu.

Ndani ya ofisi yangu, nyuma ya mafagio, kulikuwa na kitu kimefunikwa magunia. Ilikuwa pikipiki. Mradi fulani wa wafadhili uliileta, mradi ukaisha, ikabaki. Nilimuuliza Barasa kwa nini haitumiwi. Akanitazama juu ya miwani. "Madam, mhadhiri juu ya pikipiki? Watu si watasema ni boda?" Wanaume wa idara nzima walikubaliana naye, na ndivyo pikipiki ilivyokuwa yangu. Hakuna kitu kizuri nilichowahi kupata chuoni ambacho hakikuanza kwa wanaume kukionea aibu.

Kuiendesha sikujua. Niliisukuma kwa mguu mpaka mjini, kwenye duka la spea lililo nyuma ya msikiti, na hapo ndipo nilipokutana na Mama Zuhura. Ninyi mnaosema eti mna walimu wenu walioandika vitabu, mimi mwalimu wangu aliuza cheni na plagi. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, wa baibui, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, na hasira zake zilikuwa karibu. Aliizunguka pikipiki mara mbili bila kunisalimia.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni ya chuo, Mama."

"Ya chuo inafanya nini huko? Hii si ya barabara, bana. Angalia hii tairi, angalia hii shoko. Hii ni ya matope." Akanitazama toka viatuni hadi kichwani. "Na wewe unafundishanga nini?"

"Udongo."

Alicheka mpaka akakaa juu ya mtungi wa oili. Halafu akanifundisha. Jioni baada ya swala ya alasiri alifunga duka, akakunja baibui, ndani akiwa na suruali nzito ya marehemu mumewe, tukaenda kwenye uwanja wa malisho nje ya mji. Mumewe alikuwa fundi na mshindani wa mbio za matopeni. Alipokufa, ndugu zake walikuja kugawana vitu. "Nguo nikawapa. Redio nikawapa," aliniambia. "Pikipiki nikasema hapana, huyu tutazeeka na yeye." Tangu hapo akawa anashindana mwenyewe, helmeti juu ya hijabu, na mtaa mzima ukamaliza maneno.

Somo lake lilikuwa fupi. "Tope ikikushika usibishane na yeye. Toa upepo kidogo kwa tairi, kaa nyuma, gia ya pili, na usiguse breki ya mbele. Ukigusa mimi nitakuja tu kukuokota." Nikagusa. Akaja akaniokota. Nilianguka uwanja ule mara nyingi mpaka ng'ombe wakanizoea.

Mimi nami nilikuwa na changu cha kumfundisha, na hii someni vizuri maana ni kazi yenu. Ukifika mahali pa mbio, teremka. Chukua udongo kidogo, ulowanishe, uviringishe kati ya viganja mpaka uwe kamba. Jaribu kuukunja uwe pete. Ukivunjika, hapo pana mchanga wa kutosha, pita. Ukijikunja mzima, huo ni mfinyanzi mtupu, hapo utalala. Wanafunzi wangu walijibu swali hilo kwenye mtihani mwaka baada ya mwaka na kulisahau wakitoka mlangoni. Mama Zuhura aliambiwa mara moja. Hakuniamini, akapita nilipomkataza, akalala. Hakubisha tena.

Mbio zenyewe zilisimamiwa na kamati ya Kitale. Kamati ni neno kubwa. Ilikuwa ni Bwana Masinde, muuza matrekta, pamoja na marafiki zake waliokubaliana naye. Masinde alikuwa mwenyekiti, alikuwa mwamuzi, na kipaza sauti hakumwachia mtu. Mbio ziliwekwa Agosti, kwa sababu Agosti watoto wa wakubwa wako likizo. Kila mtu aliyezaliwa upande huu wa Mlima Elgon anajua kwamba Agosti mvua inapiga kila siku ikifika saa tisa. Masinde naye alijua. Ratiba yake ilikuwa hivi: asubuhi mbio kuu, maana yake wanaume. Halafu chakula. Halafu hotuba. Halafu mvua. Halafu, saa kumi, akina mama.

Sasa fikirieni mashindano yangu ya kwanza. Wanaume wameshapita asubuhi kwenye ardhi kavu na kuilima yote. Mvua imeshanyesha juu ya walicholima. Ndipo tunaitwa sisi. Njia haipo, ni uji mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na Masinde yuko kwenye hema lake, kavu, anatangaza: "Akina mama, pore pore, msiumie, ugali inawangoja nyumbani." Watu wakacheka. Tukaanguka, wakacheka zaidi. Nilimaliza wa mwisho nikisukuma. Mama Zuhura akashinda, akapewa chupa ya chai. Nyumbani kwake kulikuwa na rafu nzima ya chupa za chai, zote za ushindi, na hakuna hata moja aliyowahi kutilia chai. Alisema haitaki chai ya dharau.

Niliwaka. Nilirudi chuoni Jumatatu mkono umefungwa shingoni, nikaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na Barasa akaniita ofisini kwake. "Madam, hii kitu inashusha hadhi ya idara." Ofisini mle kulikuwa na begi la fimbo za gofu, maana yeye na wenzake walicheza kila Jumatano ya kazi, mchana kweupe. Gofu iliitwa kujenga uhusiano. Yangu ilikuwa Jumamosi, siku ya kupumzika, na iliitwa kushusha hadhi. Nikamwambia asante kwa ushauri. Neno hilo liwekeni mfukoni, litawasaidia sana, maana halina ahadi yoyote ndani yake.

Mnauliza nilivyoshika yote mawili. Hakuna siri. Karatasi za mitihani nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni nikasahihisha kwenye turubai tukisubiri saa kumi, na zipo zilizorudi kwa wanafunzi zikiwa na alama na tope. Sampuli za udongo nilichukua kwenye njia ya mbio. Nusu ya makala zangu zimetoka pale Masinde alipotuangusha. Pikipiki niliiosha mwenyewe Jumapili baada ya kanisa, kabureta nikaifungua juu ya gazeti, kila kipande nikakipanga kilivyotoka. Cheni ukiiacha na tope usiku mmoja umeiua. Nikapika, nikalea, nikalala kidogo. Wanaume hamuwaulizi wameshikaje kazi na gofu.

Miaka ikaenda. Barasa akawa profesa na mkuu wa kitivo. Mimi nikapata shahada ya udaktari na ofisi yenye dirisha. Mama Zuhura magoti yakaanza kumlalamikia, akawa anapanda pikipiki kwa kukanyaga kreti ya soda. Akaja mwanafunzi wangu mmoja, Nekesa, msichana wa Cheptais, mkimya darasani, aliyeniuliza siku moja kama ile kamba ya mfinyanzi inafanya kazi pia kwenye mteremko. Nikajua huyu hajauliza kwa ajili ya mtihani. Miaka michache baadaye alikuwa ananiacha nyuma kila mbio, na baada ya mwaka ninaotaka kuwasimulia akawa mhadhiri mwenzangu. Wengi wenu mnamjua, na mnamwogopa, na mna sababu.

Sasa nifike kwenye mwaka ule.

Mwezi mmoja kabla ya mbio za Cheptais, Masinde alituita Kitale, wanawake wote tuliokuwa tunashindana. Tulikuwa sita. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, na soda alijiagizia yeye mwenyewe tu.

"Kamati imekaa imeamua," akasema. "Mwaka huu ndio wa mwisho kwa akina mama. Nyinyi ni pole. Mnaanguka anguka ovyo. Watazamaji wakiwaona wanaenda nyumbani."

"Tunaanguka kwa matope yenu," Mama Zuhura akasema.

"Mama, matope ni ya Mungu."

"Na ratiba ni ya nani?"

Masinde akanywa soda. Akaongeza kwamba tusipofika wote sita, hata hiyo ya mwisho haitakuwepo, sheria ya kamati inataka sita. Nje, Mama Zuhura alikuwa anahangaika kuvaa glavu, nikadhani ni hasira. Haikuwa hasira. "Daktari," akaniambia, "mimi hii njia yao tangu nianze sijawahi kuiona. Nimeona tu tope. Miaka yote hiyo, sijui huko chini kuko nini. Na sasa wanafunga." Nilikuwa sijawahi kumwona na machozi. Nikamwambia nitakuwepo Cheptais hata nikitambaa.

Wiki iliyofuata Profesa Barasa akaniita. Wakaguzi wa masomo wanakuja kutoka Nairobi, na mkutano umewekwa Jumamosi ileile.

"Jumamosi, Prof? Wakaguzi wanafanya kazi Jumamosi?"

"Wamekubali. Na nataka walimu wote wawe ndani, wamevaa vizuri."

"Nina mbio Cheptais."

"Najua una mbio Cheptais." Akavua miwani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Daktari, nimekuvumilia sana na hii mambo ya matope. Ukikosa Jumamosi, Jumatatu usijisumbue kuja. Chagua."

Nikasema asante kwa ushauri.

Sitawadanganya kwamba nililala. Nilikuwa na mtoto chuo kikuu na mwingine kidato cha nne, na kazi ilikuwa moja. Nilimchukia Barasa kwa dhati, na ninamchukia bado, ingawa kwenye sherehe alinishika mkono na kusema amenilea. Lakini nilipofumba macho niliiona ile mikono ikihangaika na glavu. Jumamosi alfajiri nikafunga turubai, nikawasha pikipiki, nikapanda mlima.

Cheptais ilikuwa imependeza. Anga safi, umande umekauka, njia imepita kwenye malisho, ikakata kando ya mahindi, ikashuka mteremko mrefu ambao sisi wanawake tulikuwa tukiuita Sabuni. Hema limewekwa viti vyenye vitambaa vyeupe. Mgeni wa heshima alikuwa mheshimiwa fulani, jina lake siliandiki, na mbio kuu zingeanza saa nne baada ya yeye kupeperusha bendera.

Saa nne mgeni hayuko. Saa tano hayuko. Ninyi mnajua mambo haya. Chochote chenye hadhi kwetu kinamngoja mgeni wa heshima. Maharusi wanangoja, wanafunzi wanasimama juani wakizirai, chakula kinapoa. Mbio kuu zilikuwa na hadhi, kwa hiyo zikangoja. Wanaume wamevaa, wamepanda, wanateremka, wanapanda tena. Watu wakaanza kunung'unika, watoto wanakimbizana njiani. Masinde akapiga simu, akaambiwa mheshimiwa yuko karibu, maana yake bado anakunywa chai. Ndipo akafanya kosa lake. Akatuita.

"Akina mama, si mzunguke zunguke hapo kidogo watu wasichoke?"

"Ni mazoezi ama ni mbio?" Nekesa akauliza.

"Hata iwe ni mbio zenu, ni sawa tu. Mkimaliza mkapumzike mapema."

Yaani yetu haikuwa na hadhi ya kumngoja mtu. Mama Zuhura akalikamata neno kabla halijaanguka chini. "Ni mbio basi. Weka watu wa saa. Na ubao." Masinde akapunga mkono, wekeni, wekeni, na akarudi kwenye simu yake.

Mimi nimeandika makala nyingi kuhusu ardhi ya mlima ule na sikuwa nimewahi kuikanyaga kavu kwa tairi. Sijui niwaelezeje. Pikipiki ilishika. Ulipoielekeza, ilikwenda. Nilizoea kupigania kila hatua, na sasa mikono yangu haina kazi, nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Kwenye Sabuni nikakuta mawe, ngazi nzima ya mawe, bapa, imara, yaliyokuwa chini ya lile tope miaka yote. Nekesa akanipita hapo akiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Watu walikuwa wamenyamaza. Nilikuja kugundua kwamba walinyamaza kwa sababu walikuwa wanatazama.

Mama Zuhura alimaliza wa mwisho, kwa mwendo ambao hata mimi sikuutarajia kwa magoti yale. Alizima injini, akabaki amekaa. Nilidhani ameumia nikamkimbilia.

"Daktari, kumbe kuna mawe," akasema.

Ubao ukaandikwa, majina sita na muda wa kila mzunguko. Nekesa juu. Hakuna aliyeshangilia sana, ilikuwa tu ni kupoteza muda, wakatuonyesha tuketi pembeni.

Mheshimiwa akafika saa nane. Akala. Akahutubia kuhusu vijana, kuhusu amani, kuhusu barabara itakayowekwa lami. Nilikuwa natazama juu ya mlima, weusi unashuka, nikamwona Nekesa naye anatazama. Mama Zuhura akatoa chapati kwenye mfuko, akatugawia, akasema tusogeze viti tuone vizuri.

Bendera ilipeperushwa pamoja na tone la kwanza la mvua. Kabla wanaume hawajamaliza mzunguko mmoja mvua ilikuwa imefunga kila kitu. Walifika Sabuni na magurudumu yaliyojaa upepo wa barabara kavu, wakashika breki ya mbele, wote, kana kwamba wameambiana. Wa kwanza akalala. Wa pili akalala juu yake. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Yule aliyeitwa bingwa wa Kitale alipita mstari akiiburuta pikipiki kwa usukani, gambuti moja imebaki mlimani. Mwanamke mmoja nyuma yangu, muuza viazi, akaita kwa upole kabisa, "Baba, pore pore, ugali inakungoja," na watu mia kadhaa wakaangua kicheko kwenye mvua.

Muda wao ukaandikwa chini ya ule wetu, kwenye ubao uleule. Mheshimiwa alikuja na kikombe kikubwa, akasoma juu kabisa kama mtu yeyote anavyosoma, akauliza Nekesa ni yupi. Na chini ya wanawake wote, lakini juu ya kila mwanamume wa Kitale, palikuwa na Mama Zuhura, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, wa kukanyaga kreti.

Masinde alinyakua kipaza sauti. Alikuwa ameloa sasa, hema lilikuwa limeanza kuvuja. "Matokeo ya wanaume yamefutwa," akatangaza. "Si haki. Si usalama. Mbio za matope haziwezi kuhesabika."

Nilisimama. Siku zote nimefundisha kwamba usimkatize mtu anayejichimbia. "Mwenyekiti," nikasema, "hiyo iandike iwe sheria."

Akaiandika. Kwa furaha, papo hapo, kamati yote ikatia sahihi mbele ya mgeni, kwamba hakuna mbio zozote za kamati zitakazokimbiwa baada ya mvua, na zikikimbiwa hazihesabiki. Alikuwa anawaokoa wanaume wake, hakufikiri zaidi ya hapo. Aliposoma kwa sauti, alifika kwenye neno "zozote" akalirudia mara mbili, nikaona limemfikia. Saa kumi ya Agosti ilikuwa imekufa. Na siku nzima ile ilibaki na mbio moja tu inayohesabika, yetu, kwa hiyo hakuweza tena kutufuta bila kufuta siku yake, hema lake na mheshimiwa wake.

Akabaki na kisu kimoja. Akamgeukia Mama Zuhura. "Basi Mama, na zako zote za zamani zimeenda. Zote zilikuwa za matope. Huna ushindi hata moja."

Nilitaka kumpiga, na ningempiga. Mama Zuhura akafuta miwani ya helmeti kwa ncha ya hijabu.

"Futa," akamwambia. "Hizo sikuwa nimekimbia. Nimekimbia leo."

Jumatatu nilikwenda kazini nimevaa vizuri, nikingoja barua ya kufukuzwa. Haikuja. Saa nne mhudumu wa chai akanieleza. Wakaguzi walilala Kitale, asubuhi wakatoka nje ya hoteli na mikoba yao kungoja gari la idara. Gari la idara lilikuwa matanga. Profesa Barasa alikaa siku nzima kwenye chumba cha mkutano na walimu waliovaa vizuri na sambusa, mpaka wageni wakachoka kungoja wakarudi Nairobi. Kunifukuza kungemlazimu aandike mahali kwamba nilikosa mkutano, na mkutano haukuwepo. Tulipishana kwenye korido. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia ni njema.

Mama Zuhura hakushindana tena. Zile chupa za chai aliwapa majirani mwezi ule, na wanazitumia mpaka leo. Kwenye rafu ameweka jiwe moja bapa la Sabuni, ambalo Nekesa alimbebea mgongoni, na wateja wakimuuliza ni la nini anawauliza wamekuja kununua spea ama kuuliza maswali.

Hayo ndiyo mambo yangu ya nje. Mkitaka ushauri, ni huu: someni ratiba kabla ya kusoma kitu kingine chochote, maana dharau haiandikwi kwenye hotuba, inaandikwa kwenye ratiba. Na mtu akikosea kwa faida yako, mpe kalamu.

Wiki jana Nekesa alinipigia simu. Sasa hivi yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya Kitale; Masinde amebaki na matrekta yake. Mbio za wanawake ziko Agosti, asubuhi, ardhi ikiwa kavu, na waliojiandikisha ni wengi mpaka wanagawanywa makundi. Anataka niwe mgeni wa heshima, nipeperushe bendera.

"Mama Daktari, tutakungoja saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia msiningoje. Anzeni.